Waridi la jangwani la kwenye chungu: uzoefu wangu

Nilinunua mche wa waridi la jangwani (Adenium obesum) kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Mombasa, shilingi 800, na kwa maua yake tu naona bei ilikuwa halali. Ni maua ya umbo la tarumbeta, petali tano, pinki iliyokolea ukingoni na kupauka kuelekea kooni. Kaskazi ilipopamba moto na bustani za majirani zikanyauka, mche huu ulikuwa umepukutisha majani ukabaki maua matupu. Ndiyo tabia yake: ni mmea wa nyika zetu kavu, kutoka Tanzania na Kenya hadi Arabuni, na maji huyahifadhi kwenye shina lake nene.

Shina hilo ndilo la kukagua kabla hujalipa. Fukua udongo kidogo uangalie. Mche uliooteshwa kwa mbegu hunenepa chini mapema. Uliotokana na kipande cha tawi unaweza kukaa muda mrefu ukiwa mwembamba tu.

Kilichoniudhi ni udongo. Waliupanda kwenye mfinyanzi unaoshika maji, na maji yakituama mizizi huoza. Niliuhamishia kwenye mchanga wa chenga kubwa, kokoto na samadi kidogo, kwenye chungu chenye matundu. Namwagilia udongo ukishakauka kabisa. Masika nausogeza upenuni. Shina likibonyea kwa kidole, ujue kuoza kumeanza. Jua nalo usiubanie, la kutwa nzima ikiwezekana. Kivulini hurefuka ovyo na maua huwa haba.

Muuzaji hakunionya kuhusu sumu, na hili nalilaumu sana. Utomvu wake hudhuru moyo. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi huuchemsha na kupaka mishale ya kuwindia. Ukipogoa, vaa glavu, kisha nawa mikono. Penye mtoto anayetambaa au mbuzi, uweke juu wasikoweza kuufikia.

Nitanunua mwingine, ila si yale mashina makubwa yenye makovu na mizizi iliyokatwa kwa panga. Hayo mara nyingi yameng'olewa porini, na porini shina la unene ule huchukua miaka mingi. Muulize muuzaji ameotesha mwenyewe au la. Akisitasita, nenda kitalu kingine.