Makita, Bosch, DeWalt, HiKOKI au Ingco? Zana za umeme kwa karakana za Kampala

Ukienda Nabugabo Road au Nakasero kununua zana za karakana, anza kwa kuulizia vipuri. Mwambie muuzaji akuonyeshe kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota), swichi na amecha (sehemu ya mota inayozunguka) ya mashine unayoitaka kabla hujaishika mashine yenyewe. Vikitoka kwenye droo ya kaunta, mashine hiyo inafaa kuzungumziwa bei. Jibu likiwa "tutaagiza", utaikumbuka kauli hiyo siku geti la mteja limefika nusu na grinda imezima. Kwa kipimo hicho Makita inaongoza Kampala, Bosch inaifuata kwa karibu, na DeWalt iko nyuma kidogo ingawa mashine zake si duni hata kidogo.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Makita huzipa kaboni zake namba: grinda ndogo ya 9557, kwa mfano, hutumia CB-325, na namba hiyo imechapwa kwenye kaboni yenyewe. Unaenda dukani na kipande kilichoisha, unarudi na kipya, hakuna kubahatisha. Kwa Bosch usitegemee jina la GWS (grinda) au GSB (drili ya kugongea) peke yake, maana mashine mbili zenye jina linalofanana zinaweza kuwa na swichi tofauti. Soma namba ya tarakimu kumi kwenye kibati. Namba hiyo hukuambia jambo jingine la maana: zana za buluu za mafundi huanza na 0 601, 3 601 au 3 611, na za kijani za matumizi ya nyumbani huanza na 3 603. Bosch ya kijani ni mashine nzuri ya kutundikia pazia. Usiiweke mikononi mwa fundi wa Katwe anayekata vyuma kutwa nzima.

Makita nayo ina daraja la chini, linaloitwa MT, lenye modeli zinazoanza na herufi M, kama drili ya M8100. Si feki. Zimetengenezwa ziwe nafuu, na kwa kazi za hapa na pale zinatosha. Kosa ni kulipa bei ya Makita kamili kwa mashine ya MT kwa sababu tu jina kwenye boksi ni lile lile.

DeWalt ina mtego wake. Nyingi za manjano zinazouzwa kama mitumba zimetoka Marekani na ni za volti 120. Umeme wetu ni volti 240. Ukibadilisha plagi tu na kuiwasha, utasikia mlio mkali wa sekunde chache, kisha harufu ya vanishi ya koili iliyoungua. Zana za mitumba kutoka Japani ni za volti 100, na mwisho wake ni huo huo. Soma kibati, usisome boksi. Transfoma ya kushusha volti ipo, lakini ya kubeba grinda kubwa ni nzito na ghali kiasi cha kufuta unafuu wote wa mtumba.

Na ukikuta grinda "mpya kabisa" yenye jina la Hitachi, jiulize maswali. Zana hizo zilibadilishwa jina kuwa HiKOKI mwaka 2018. Boksi linalong'aa leo lenye jina la zamani ni mali iliyokaa stoo miaka mingi, au ni la kuchapisha mtaani. HiKOKI yenyewe ni mashine imara. Tatizo lake hapa ni vipuri kuwa kwa wauzaji wachache.

Ingco na Total, zana za bei nafuu, zimejaa kila kona, kuanzia Kikuubo hadi Arua, na dharau ya mafundi wa zamani dhidi yake haina msingi wote. Zana inayofanya kazi dakika kumi kwa siku haihitaji jina kubwa: jigso, blowa ya kupuliza vumbi, mashine ya msasa ya kumalizia, drili ya kutobolea mbao. Mara nyingi boksi la Ingco huja na jozi ya kaboni za akiba ndani, jambo ambalo kampuni kubwa zingeweza kuiga. Udhaifu wake ni kwamba namba za modeli ni nyingi mno, na amecha ya modeli moja inaweza kukosa kuingia kwenye nyingine inayofanana nayo kwa sura. Ukinunua Ingco, nunua na amecha ya pili siku hiyo hiyo.

Wati zilizoandikwa nazo zisikudanganye. Ni umeme ambao mashine inakula. Nguvu inayofika kwenye diski ni pungufu, na pengo hilo hutegemea ubora wa koili na gia. Grinda ya wati 840 ya Makita inaweza kuishinda kazini mashine ya kampuni isiyojulikana iliyoandikwa 1,200. Bosch kwenye vitabu vyake huandika namba zote mbili, inayoingia na inayotoka. Angalia hiyo ya pili.

Sasa grinda, maana hapo ndipo fedha ya karakana ya chuma inapopaswa kwenda. Grinda ndogo ya milimita 115 ndiyo inayofanya kazi kuliko zote: kukata, kusaga weldi, kusafisha kutu. Hapa tungechukua Makita 9557 au Bosch ya buluu ya GWS bila kusita, na mbili badala ya moja: moja ikae na diski ya kukatia, nyingine na ya kusagia. Fundi anayebadilisha diski kila baada ya dakika tano huishia kuacha gadi, yaani kinga ya diski, mezani.

Na gadi ikishatolewa, kinachofuata ni diski ya milimita 180 kwenye grinda ndogo. Jambo hili liko karibu kila mtaa wa mafundi. Diski za kawaida za kukatia hutengenezwa zivumilie mwendo wa mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo. Kwa diski ya 115 hiyo ni mizunguko kama 13,300 kwa dakika, kwa ya 180 ni 8,500, kwa ya 230 ni 6,600. Grinda ya 9557 huzunguka mara 11,000. Weka diski ya 180 humo, na ukingo wake unapita mita 100 kwa sekunde. Tundu la milimita 22.23 linalingana, nati inakaza vizuri, mashine inawaka, kwa hiyo kila mtu anadhani ni sawa. Ikipasuka, vipande huruka usawa wa shingo na uso. Kama kazi inadai diski kubwa, nunua grinda ya 230 kama Makita GA9020 au Bosch GWS 2200-230, zote za wati 2,200.

Grinda hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kaboni kuachwa hadi springi yake ikwaruze shaba ya amecha; zibadilishe zinapofika alama ya mwisho, na zote mbili kwa pamoja. Ya pili ni vumbi la chuma linaloingia kwenye matundu ya hewa na kushotisha koili. Mwisho wa siku, washa mashine bila diski na kuipuliza kwa kompresa kutoka nyuma, macho yakiwa yamefunikwa. Ukichungulia matundu na kuona cheche ndogo za buluu chini ya kaboni, hiyo ni kawaida. Cheche zikizunguka shaba yote kama pete, amecha imeshashotika. Kuisuka upya inawezekana na mafundi wapo, ila kwa grinda ndogo gharama hukaribia ya amecha mpya, na iliyosukwa mara nyingi haisawazishwi, hivyo inatetemeka na kula beringi.

Umeme wenyewe unaua zana nyingi kuliko watengenezaji wanavyolaumiwa. UEDCL, shirika la serikali, imechukua usambazaji kutoka kwa kampuni ya Umeme tangu Aprili 2025, lakini karakana iliyo mwisho wa laini bado jioni inaweza kupata volti pungufu. Ongeza hapo ekstensheni nyembamba. Grinda ya wati 2,200 hula ampea kama 9. Kwenye waya wa mita 30 wenye unene wa milimita za mraba 0.75, hupoteza takriban volti 13 ikiwa kazini kwa mzigo kamili, na zaidi sana inapoanza. Waya wa 2.5 hupoteza kama volti 4. Kata ncha ya waya uone: shaba iliyopakwa juu ya alumini ina weupe ndani, na inapitisha umeme vibaya kuliko unene wake unavyodai. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjuliwe yote, la sivyo hujipika.

Mashine za mota ya induksheni, yaani drili ya mezani, kompresa na msumeno wa meza, huumia zaidi. Nguvu yake ya kuzungusha hushuka kwa kipeo cha pili cha volti: kutoka 240 hadi 200 unapoteza karibu theluthi. Mota inavuma bila kuondoka, na isipozimwa haraka inaungua. Kwa hizi nunua mota yenye koili ya shaba kwa maandishi kwenye risiti, jina la kampuni lije baadaye.

Umeme ukikatika na kurudi, grinda iliyofungwa swichi huamka yenyewe. Baadhi ya modeli zina kinga ya hilo. Ijaribu dukani: toa diski, ishike kwa mikono miwili, weka swichi kwenye nafasi ya kuwaka, kisha mwenzako achomeke plagi. Ikikaa kimya hadi uizime na kuiwasha upya, kinga ipo.

Mashine ya kukatia vyuma ya inchi 14, yaani diski ya milimita 355, ni kifaa cha pili cha kuwekea fedha. DeWalt D28730 ya wati 2,300 na Makita LW1401 ya wati 2,200 zote huzunguka mara 3,800, na hapa DeWalt hailambi vumbi la mtu. Msingi wake ndio wa kuangalia kuliko mota. Weka bomba la mraba la 40 kwa 40 kwenye jiriwa, kaza, kisha lisukume kwa nguvu kwa mkono: likisogea, kila kona ya dirisha utakayounganisha itakuwa na pengo la kuzibwa na weldi. Tembea na guni, upime nyuzi 90 na 45. Mashine nyingi za bei rahisi hushindwa hapo, si kwenye mota.

Kwa maseremala wa Ndeeba na Nsambya hesabu inabadilika. Mvule una mawe madogo ya chokaa ndani ya mbao, nayo hulemaza ncha za chuma cha kawaida mara moja. Tumia misumeno yenye meno ya kabaidi, na visu vya akiba vya randa. Randa ya milimita 82, iwe Makita N1900B au Bosch, haitofautiani sana. Mkanda ndio hukatika kwanza, basi weka wa ziada. Ruta ndiyo yenye mtego: Makita 3612 kulingana na soko lilikotoka huja na koleti (kishikio cha biti) ya milimita 12 au ya nusu inchi, yaani 12.7. Biti ya 12 kwenye koleti ya nusu inchi hukaza kidogo, kisha huteleza ikiwa ndani ya mbao, ikachimba shimo na kuharibu koleti. Pima shingo ya biti kwa kalipa kabla ya kulipa.

Kwa kutoboa kuta wakati wa kufunga mageti, Makita HR2470 ya joule 2.4 na Bosch GBH 2-26 ya joule 2.7 zote zinatosha kwa matundu ya boliti za ukutani. Paka grisi kwenye shina la biti. Hakuna mengi ya kuongeza.

Feki za Makita na Bosch zipo, na "Made in China" si ushahidi, kwa sababu Makita ina kiwanda chake Kunshan, na Bosch hutengeneza pia Malaysia na India. Mizani ya sokoni ni ushahidi bora. Andika uzito ulio kwenye kitabu cha modeli, kisha pima mashine. Pungufu kubwa maana yake ni shaba chache na gia nyepesi. Zungusha shafti kwa mkono: gia za kweli hutoa ukinzani laini na sawasawa, za feki hukwaruza au kulegea sehemu moja.

Betri tungeziachia mafundi wa nje ya karakana, wanaopanda mapaa na kufunga sola. DeWalt ya "volti 20" na Makita ya 18 zina seli tano mfululizo zile zile. 20 ni volti ya betri iliyojaa, 18 ni ya kazini. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba hiyo. Betri za bandia zimezagaa, na hesabu yake ni rahisi: seli moja ya ukubwa wa 18650 kwa kawaida haizidi ampea-saa 3.5, kwa hiyo betri ya 18650 iliyoandikwa 6.0 lazima iwe na seli kumi ndani. Ikiwa nyepesi kama ya 2.0, ina tano.

Mwisho dai risiti ya EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato, yenye namba ya modeli na namba ya mashine, zote mbili. Karakana iliyosajiliwa kwa VAT haiwezi kudai asilimia 18 yake bila hiyo, na bila namba hizo, dhamana ya miezi sita iliyoahidiwa kwa mdomo haiwezi kuoanishwa na mashine yoyote.