Forum ya Pompeii: msikubali kupitishwa mbio

Nimeingia Pompeii, ule mji wa kale wa Kirumi kule Italia uliofukiwa na volkano, mara mbili ndani ya siku tatu, mara ya kwanza na kundi la watalii tulilolipia, mara ya pili peke yangu, na hapa nazungumzia ule uwanja mkuu wa mji tu, Forum, maana naona watu wengi wanalipa hela yao na wanaondoka hawajauona.

Ile siku ya kwanza tulipewa dakika kumi. Mwongoza watalii katusimamisha katikati, kanyoosha mkono kwenye hekalu la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, mlima Vesuvius unaonekana kwa nyuma, ule ndo ulilipuka mwaka 79 BK ukaufukia mji, pigeni picha, haya twendeni. Tukakimbizwa hadi kwenye danguro la kale tukapanga foleni nusu saa nzima kuingia vyumba vya giza. Iliniuma kweli. Pale uwanjani ndo watu walikuwa wanauza, wanashtakiana, wanachagua viongozi, wanatoa sadaka, yaani mji wote ulikuwa unakutana hapo halafu sisi tunapewa dakika kumi!

Basi nikarudi mwenyewe asubuhi na mapema. Ukiingia kwa mlango wa Porta Marina unapanda kidogo kwa mguu, dakika tano hivi ushafika. Uwanja ni mrefu mwembamba, urefu karibu mara nne ya upana, na ulikuwa wa watembea kwa miguu peke yao. Nendeni pale barabara ya Via dell'Abbondanza inapoingilia muangalie chini, kuna mawe yamesimamishwa wima kuzuia mikokoteni isipite, hadi leo yapo.

Sasa kitu kilichonishika kuliko vyote wengi wanakipita kama hakipo. Upande wa magharibi, kwenye ukuta wa hekalu la Apollo, mungu wao mwingine, kuna meza ya jiwe ya vipimo. Ina mashimo ya mviringo tisa, makubwa kwa madogo, na kila shimo lina kitundu kwa chini. Unaziba kitundu, unamimina nafaka mpaka ukingoni, unazibua, inashukia kwenye chombo chako. Kwahiyo kama umeuziwa pungufu unaleta mzigo pale, unapimwa hadharani, muuzaji hana pa kujificha. Niliinama nikachungulia kitundu kimoja kimoja, na ukiangalia kwa makini kuna sehemu maandishi yamekwanguliwa. Zamani vipimo vilikuwa na majina ya Kioska, lugha ya wenyeji kabla mji haujawa wa Warumi, halafu kwenye mwaka 20 KK hivi viongozi wawili wa mji, Clodius Flaccus na Arellianus Caledus, wakasawazisha vipimo vilingane na vya Kirumi kwa amri ya baraza, mashimo yakapanuliwa, majina ya zamani yakafutwa. Utawala umebadilika mpaka kwenye kibaba cha ngano! Iliyopo pale sasa ni nakala, yenyewe iko makumbusho ya Napoli.

Upande wa kusini ndo zilikuwa ofisi za mji, na kwenye kona ya kusini mashariki kuna eneo wanaloliita Comitium ambalo wataalamu wanalihusisha na kura. Kila mwaka walichagua wakubwa wawili waliokuwa wanaitwa duumviri na wengine wawili, aediles, hawa wa pili ndo wa masoko, barabara na majengo. Na kampeni zilikuwa moto, matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa rangi kwenye kuta za mji mzima yamepatikana zaidi ya 2,000. Wanawake walikuwa hawapigi kura lakini wameandika majina yao wakimpigia debe mtu wao, hilo lilinigusa sana. Kuna hata tangazo linasema wezi wadogo wanamtaka mgombea Vatia awe aedile, bado najiuliza aliyeliandika alikuwa upande gani.

Basilica, mahakama yao, iko kona ya kusini magharibi, nguzo kubwa za matofali. Mtu mmoja alichora kwenye ukuta kwamba anashangaa ukuta haujaanguka kwa upuuzi wote ulioandikwa juu yake. Nilimuelewa kabisa.

Soko la samaki na nyama, Macellum, lipo kaskazini mashariki, magamba ya samaki yalikutwa katikati yake, mimi sikukaa sana. Ila jengo la Eumachia msiliruke. Huyu mama alikuwa kuhani wa mji, akalijenga kwa jina lake na la mwanaye, na wafua nguo wakamwekea sanamu humo ndani. Mlango wake umezungushiwa marumaru iliyochongwa majani yanayojisokota, ukisogea karibu unaona ndege na wadudu wadogo wamejificha humo. Simama hapo, usikimbie.

Mapungufu sasa. Kivuli hamna, ikifika saa sita jua linawapiga kichwani na mawe yanarudisha joto. Vibao vya maelezo ni vichache, bila kusoma kabla utaona magofu tu. Tiketi ya mji wa kale peke yake nililipa euro 18, na tangu Novemba 2024 jina lako linaandikwa kwenye tiketi na wageni hawazidi 20,000 kwa siku, kwahiyo kata mapema ubebe na kitambulisho.

Mahali penyewe nyota tano, ile huduma ya kutembezwa nyota mbili, na nawaomba mkikodi mtu mumuulize kabla hamjalipa, Forum tunakaa muda gani? Akisema chini ya saa moja tafuteni mwingine.

Halafu anzieni makumbusho ya Napoli, mi nilikosea nikaenda mwishoni. Kuna michoro imetoka kwenye nyumba ya Julia Felix inaonyesha Forum yenyewe watu wakiwa humo, muuza viatu, muuza vyungu, mama anampa sadaka ombaomba mwenye mbwa, mtoto wa shule anachapwa mgongo wazi, na watu wamesimama wanasoma tangazo refu lililotandazwa mbele ya sanamu za watu waliopanda farasi. Pale uwanjani nilikuwa nimeipita misingi mitupu iliyobeba sanamu zamani, sikujua watu walikuwa wanasimama hapo kusoma.