Standen, West Sussex: nyumba ya kwenda na familia, msikose bustani

Walioko kusini mwa Uingereza na mnatafuta pa kwenda wikendi, nendeni Standen, iko karibu na East Grinstead. Majumba mengi ya matajiri wa zamani ni dhahabu na picha za mababu mpaka unachoka, hapa sivyo kabisa. Ilikuwa ya wakili wa London, James Beale, na mkewe Margaret na watoto wao 7, ikajengwa miaka ya 1892 mpaka 1894, na ramani alichora Philip Webb, rafiki yake William Morris, msanii wa mapambo ya nyumba, hawa ndo watu wa harakati ya Arts and Crafts, waliotaka vitu vya nyumbani vitoke kwenye mikono ya fundi anayeipenda kazi yake badala ya kufyatuliwa tu kiwandani.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba pale palikuwa na nyumba ya shamba ya zamani na Webb akakataa kuibomoa, akaiunganisha na mpya, tofali na vigae na mawe vimepangwa vizuri mno mpaka unaona kama nyumba imekua yenyewe pale mlimani. Mawe yenyewe yalichimbwa hapohapo kwenye kiwanja, na lile shimo leo ni bustani, pana kivuli na ubaridi mzuri sana. Kwetu kiwanja kikiwa na kibanda cha zamani tunaita katapila kwanza, hili nimelifikiria sana.

Ndani angalieni sebule kubwa. Karatasi za ukutani za Morris zina alizeti, halafu taa za ukutani zina bamba za shaba zenye alizeti pia, yani fundi wa taa na wa ukuta walikuwa wanasikilizana, na umeme ulikuwepo tangu mwanzo. Ghorofani kuna vitambaa vya kutundika ukutani alivyodarizi Margaret na mabinti zake kwa mkono, simameni hapo msipite haraka.

Bustani ni ekari 12 na Margaret ndo aliyeipanga, iko kwenye mteremko, ukisimama juu unaona mpaka msitu wa Ashdown. Aprili maua ya tulipu ni mengi ajabu. Ngazi ni nyingi pia kwahiyo mtoto mchanga mbebeni mgongoni, kigari kitawasumbua. Mwanachama wa National Trust, shirika linalotunza nyumba hii na nyingine za kale, anaingia bure, asiye mwanachama ajipange maana kwa familia tiketi si rahisi. Mkahawa uko kwenye banda la zamani. Mkiamka na jua anzeni bustani, nyumba mtaiingia mchana.