Matilda au Harry Potter: kipi kwanza kwa mtoto wa miaka 10?

Vitabu vyote viwili vina mtoto mwenye kipaji kisicho cha kawaida anayeonewa. Tofauti ni nani anayemwonea.

Katika Matilda (1988) cha Roald Dahl, mwonevu ni mwalimu mkuu mwenyewe. Bi Trunchbull anamshika mwanafunzi Amanda Thripp kwa misuko ya nywele na kumrusha ng'ambo ya uzio. Wengine huwafungia katika kabati jembamba lenye misumari mlangoni na vigae vya chupa ukutani. Ukisimulia nyumbani, nani atakuamini? Hofu hiyo anaijua yeyote aliyesoma chini ya fimbo. Matilda anaangusha glasi kwa macho tu, kisha anaifanya chaki iandike ubaoni kwa jina la marehemu Magnus, baba wa Bi Honey, mwalimu wa darasa lake. Hapo ndipo dhuluma aliyofanyiwa mwalimu huyo inapoanza kurekebishwa. Kipaji, uonevu na fumbo vimesukwa pamoja.

Kitabu cha kwanza cha Harry Potter (1997) cha J.K. Rowling kina fumbo refu zaidi: nani analiwinda jiwe la ajabu lililofichwa katika shule ya uchawi ya Harry? Dalili zinakupeleka kwa mwalimu Snape, nawe unanaswa. Ila uonevu wa Dudley, binamu yake Harry, na wa Malfoy, mwanafunzi mwenzake, uko pembeni, na uchawi ni wa shule nzima, si siri ya mtoto mmoja.

Mimi ningeanza na Matilda. Ni kifupi, na kinachekesha hata kinapotisha. Mwenye miaka 12 na uchu wa mafumbo, mpe Potter moja kwa moja.