Kipanya cha kidirisha, na maneno ya "labda vidole vyako ndio vina shida, dada"

Nimeambiwa vidole vyangu vina shida. Aliyeniambia ni kijana aliyeniuzia kipanya cha kompyuta cha shilingi 65,000, kwa simu, huku nasikia anaongea na mteja mwingine pembeni. Maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Nina steshenari Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, naprinti, nabaindi, na kazi inayoniletea watu wengi kuliko zote ni kujaza fomu za mtandaoni kwa wasio na kompyuta. Kipanya kwangu ni kama jembe kwa mkulima. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka taa za barabarani zinawaka, mkono uko juu yake.

Vipanya vya kigurudumu vinanifia. Havidumu. Wiki za kwanza vizuri, halafu kigurudumu kinaanza kuruka: unashuka ukurasa, wenyewe unapanda. Kimoja nilikifungua kwa bisibisi ya miwani nikakuta nywele na vumbi jeupe la karatasi vimejisokota kwenye ekseli ya kigurudumu mpaka vimekuwa kama utambi wa taa. Nikavitoa kwa kibanio, kikafanya kazi siku chache, kikarudia. Kwa hiyo nilipoona kipanya kisicho na kigurudumu kabisa, nilisema hiki ndicho changu. Kitu kisichozunguka kitaliwa na vumbi gani?

Mahali pa kigurudumu pana kidirisha cheusi, upana wa kifungo cha shati. Huzungushi kitu, unapitisha kidole tu. Chini ya kidirisha kuna taa ndogo, lenzi na kamera ndogo mno. Kidole kikipita, kamera inapiga picha za ngozi mfululizo na kulinganisha kila picha na iliyoitangulia: ile mistari ya kidole imesogea upande gani, kwa kiasi gani. Ni kazi ileile inayofanywa na tumbo la kipanya juu ya meza. Kile cha Microsoft cha mwaka 1999, IntelliMouse Explorer, ambacho kilisaidia sana kutuondolea vipanya vya kigololi, kilikuwa kinaipiga meza picha 1,500 kwa sekunde. Hapa wameligeuza jicho likatazama juu, likakitazama kidole.

Na sikuwa mgeni wa jambo hili. BlackBerry Curve 8520, ile ya mwaka 2009, ilikuwa na kidude cha namna hiyo katikati, badala ya kigololi cha simu za kabla yake. Niliitumia nikiwa chuo. Sikumbuki hata siku moja kunigomea. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonifanya nitume hela Kariakoo bila kwenda kukijaribu kwa mkono wangu. Kikaja kwa parseli ya basi, kwenye boksi zuri. Siku ya kwanza nilikaa nikipandisha na kushusha kurasa kama mtoto. Kimya kabisa. Hakuna tk-tk-tk. Nilimwonyesha hadi fundi cherehani wa jirani.

Siku ya pili, tatu, hivi, kikaanza kutoniona.

Nasema kutoniona kwa sababu hakuna neno jingine. Napitisha kidole, ukurasa umesimama. Napitisha tena, umesimama. Nakandamiza, nasugua, hakuna. Mara ya tano kinashtuka na kuupeleka ukurasa mzima chini kwa mpigo mmoja. Alasiri ndiyo balaa zaidi, kwa sababu duka langu linatazama magharibi: jua likiingia mpaka mezani na kukipiga kidirisha, ukurasa unatetemeka wenyewe hata kidole sijakiweka. Nikakihamishia nyuma ya printa, kwenye kivuli. Nimefuta kioo kwa kitambaa cha miwani. Nimebadilisha betri mara mbili. Nikazoea kupuliza kidole kabla sijakipitisha, hewa ya moto ya mdomo, maana niligundua kikipata unyevu kidogo kinaonekana. Mteja ameketi mbele yangu ananiona mtu mzima napuliza kidole.

Haya yote ningeyavumilia. Lililonivunja ni la yule binti.

Ilikuwa kipindi cha maombi ya vyuo, siku za mwishomwisho, duka limejaa. Alikuja na baba yake kutoka Muheza. Mzee ana bahasha ya kaki ameishika kwa mikono miwili, ndani vyeti. Binti anataka uuguzi. Hakutaka kingine, na alisema hivyo mara mbili kabla hajakaa. Tukajaza jina, shule, namba ya mtihani, tukafika kwenye orodha ya kozi, ile inayofunguka ukiibonyeza. Nikachagua uuguzi. Nikaona kabisa imeandikwa Nursing. Nikapitisha kidole niteremke chini kwenye sehemu ya namba za simu. Kikagoma. Nikapitisha tena na tena. Halafu kikashtuka, nikateremka, nikamaliza, baba akalipa ada kwa simu yake, nikatuma.

Karatasi ya uthibitisho ikatoka kwenye printa ikiwa ya moto. Binti akaisoma akiwa amesimama.

"Dada, mbona imeandika lishe?"

Wanaojaza fomu wanajua kilichotokea. Ukishachagua kitu kwenye orodha ile na mshale bado uko juu yake, ukiskroli, wakati mwingine ukurasa hauendi popote. Kinachokwenda ni chaguo. Kwa Kiingereza Nursing na Nutrition zimefuatana kwenye orodha, moja chini ya nyingine. Vile nilivyokuwa nasugua kidirisha kisichonijibu, kilinijibu mara moja, hatua moja, wakati macho yangu yameshahama. Uuguzi ukawa lishe.

Najua mtu atasema hata kigurudumu kingefanya hivyo. Ndiyo, kingeweza. Lakini kigurudumu kina meno. Kikisogea hatua moja kidole kinapata ule mguso mdogo, tk, na mkono unajua umefanya kitu hata kama macho yako kwingine. Kioo hakina meno. Kimepokea au hakijapokea, kidole hakiambiwi. Hili ndilo kosa kubwa la kipanya hiki, na si la kiwanda kimoja, ni la wazo lenyewe: wameondoa kitu kilichokuwa kinazungumza na mkono, na badala yake hawakuweka chochote.

Mzee hakugomba. Angegomba ningepumua. Aliikunja ile karatasi mara nne akairudisha kwenye bahasha, akauliza, "Sasa mwanangu, inarekebishika?" Nikasema inarekebishika, na wakati nasema sikuwa na hakika. Hela yangu ya kazi nilimrudishia pamoja na nauli. Usiku ule sikulala.

Kesho yake ndipo nikampigia muuzaji. Nilimweleza kwa adabu zote. Nikamwambia kinaona leo, kesho hakioni. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema steshenari. Akanyamaza kidogo, kisha: "Labda vidole vyako ndio vina shida, dada. Wenzako hawajalalamika." Halafu akaniambia nikitaka kukirudisha nikitume kwa gharama yangu, atakijaribu yeye, kikifanya kazi kwake ananirudishia kilekile.

Kwake kitafanya kazi. Nilijua wakati uleule. Ana vidole vya kushika simu.

Nikaviangalia vyangu. Kutwa nashika karatasi, na karatasi inanyonya mafuta ya ngozi yote. Kuna gundi, kuna tona, kuna spiriti ya kusafishia kioo cha mashine ya kopi. Nikifika nyumbani kuna sabuni ya kufulia. Ncha ya kidole changu cha shahada ni kavu, imelika, inang'aa kama upande wa ndani wa kijiko. Kamera inatafuta mistari ishike pa kulinganisha, na pangu mistari imefifia. Kwa hiyo ndiyo, labda kijana alisema kweli. Nimejaribu kuwa mwaminifu hapa. Labda kwa mhasibu wa ofisini, mwenye kiyoyozi na losheni kwenye droo, kipanya hiki ni kizuri, na akisoma haya ataona namwonea mtengenezaji.

Lakini kauli ile nilishawahi kuisikia, na nikiikumbuka hasira inarudi upya. Januari 2020, siku za mwisho kabla laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole hazijaanza kuzimwa, nilimpeleka bibi yangu aliyetoka Pangani. Bibi amesuka makuti na kukuna nazi na kulima muhogo maisha yake yote. Msajili akamwambia aweke kidole gumba. Mashine ikakataa. Akakifuta kwa kitambaa, ikakataa. Wakaenda kidole kwa kidole, vyote kumi, watu nyuma yetu wanaguna. Mwisho yule msajili akasema, si kwa ubaya, "Bibi, huna alama." Bibi akavigeuza viganja akaviangalia, kama mtu aliyeambiwa ameangusha kitu njiani. Laini yake ikasajiliwa kwa kidole changu. Kidole changu wakati ule kilikuwa kinaonekana.

Kwa hiyo naposikia kidole ndicho chenye shida, namwona bibi. Anayetengeneza kitu cha kuguswa angekigusisha kwa mpiga chapati, kwa fundi wa matofali, kwa anayefua, ndipo akipeleke sokoni. Mikono ya watu ndiyo hiyo. Na mimi nililipa hela nzima, sikulipa nusu kwa sababu kidole changu kimechakaa.

Kwa kipanya hiki nilianza kwa kuandika nyota moja kati ya tano. Sasa lazima niseme na la pili, maana lingenisuta nikilinyamazia.

Kipanya nilikipeleka nyumbani kwa hasira, nikakitupa kabatini. Usiku mmoja nimemaliza kumwogesha mdogo na kumpaka mafuta ya nazi, mikono bado inateleza, nikafungua kompyuta nisome kanuni za zabuni fulani, kurasa mia na zaidi. Kipanya kilichokuwa karibu ni hicho. Nikapitisha kidole, na ukurasa ukateremka kama maji. Nikapunguza mwendo, ukapunguza. Nikausimamisha katikati ya mstari, ukasimama hapo hapo. Mtoto amelala ubavuni kwangu na hakuna sauti hata moja, na kigurudumu usiku kinasikika chumba kizima. Nilisoma zile kurasa zote bila mkono kuchoka. Kusema kweli sijawahi kuskroli vizuri namna ile na kipanya chochote. Mafuta yanakipaka kioo ukungu, kila baada ya dakika kumi hivi nafuta kwa upindo wa kanga, naendelea. Usiku ule ningekipa nyota tano, na nilikaribia kumpigia kijana wa Kariakoo nimwombe radhi.

Sikumpigia. Asubuhi nilikirudisha dukani, nikapaka mafuta kwanza, nikajaribu. Karatasi ya kwanza niliyoshika, cheti cha kuzaliwa cha mtu, ilipata doa la kidole, halisafishiki. Steshenari haiwezi kufanya kazi na mikono ya mafuta. Hapo nikakata shauri.

Nyumbani, kwa kusoma, kizuri, kizuri kweli. Binti yangu wa darasa la sita sasa ndiye anakitumia, na vidole vyake laini kinavifuata kila vinapokwenda, hajui hata nalalamika nini. Kwa kazi ya fomu za watu, usikinunue hata kwa bei ya bure, hata kidole chako kiwe laini vipi, kwa sababu ya lile la meno. Nyota mbili. Nilitaka kuandika tatu, nimekumbuka bahasha ya yule mzee.

Dukani nimerudia kigurudumu cha shilingi elfu kumi, kikianza kuruka nakifungua, nautoa utambi, nakifunga. Dirisha la marekebisho ya maombi lilipofunguliwa, binti wa Muheza alirudi, safari hii peke yake. Alinisalimia vizuri, hakutaja yaliyopita. Tukafungua fomu, nikachagua Nursing. Nikauondoa mshale pale, nikabonyeza pembeni mahali patupu, ndipo nikateremka, tk, tk, tk. Kabla sijatuma aliniomba nipandishe tena aone. Nikapandisha. Akaweka kidole chake kwenye skrini, juu ya lile neno, akakiacha hapo. "Tuma sasa, dada," akasema, na hakukiondoa mpaka ukurasa ulipobadilika.