Pembe ya chini kulia

Kadi ya besiboli, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1971, imetoka kwangu na pembe nne nyeusi tii, ikaenda kwa kampuni inayopima hali ya kadi, kuipa daraja kati ya 1 na 10 na kuifunga kwenye kasha la plastiki. Imerudi na tatu. Ya chini kulia ina kidoa cheupe pe, na lebo inasema 6.

Wanaozijua kadi za mwaka ule wanaelewa hasira yangu. Wino mweusi umepigwa mpaka ukingoni, na chini yake ni karatasi nyeupe. Ukiparuza kidogo tu, wino unabanduka. Ndiyo maana yenye 8, daraja nililolitarajia, si rahisi kupatikana na bei yake hupanda. Niliipiga skana ya dpi 1200 pande zote kabla ya kuifunga: pembe nzima! Litikise kasha lao karibu na sikio: kadi inacheza ndani, inagonga plastiki. Nikapiga simu. "Tunapima kilichotufikia," basi, simu ikakatwa. Hata pole hakuna.

Watasema ni namba tu. Kadi ya Topps ya 1952 ya mchezaji Mickey Mantle, yenye 9, iliuzwa dola milioni 5.2 mwaka 2021, nyingine kama hiyo yenye 9.5, iliyopimwa na kampuni nyingine, ikafika milioni 12.6 mwaka uliofuata. Yangu si Mantle, ila nusu daraja si mchezo, seuze madaraja mawili.

Tena hasara hii haifutiki. Kulivunja kasha na kuituma kwingine ni kupoteza ada. Kupaka kalamu nyeusi ndiyo balaa zaidi: kioo cha kukuzia na taa ya urujuanimno huifichua rangi mpya, kadi ikaandikwa imebadilishwa, bila namba.

Haki yao niwape: mkaguzi ana jicho. Kadi nyingine ilikuwa na mkunjo mwembamba usioonekana mpaka uilaze chini ya taa moja, chumba kikiwa giza. Akauona, akatoa 4. Sawa kabisa. Pambizo pia alizipima vizuri. Milimita 3 kushoto na 2 kulia ni 60/40, haizuii hata 9. Kwa kadi zenye mpaka mweupe, labda ningewapa tena. Labda.

Za 1971, hapana. Mkilazimika kuzituma, kadi iingie kwenye mfuko laini, kisha kishikilio cha plastiki nusu-kigumu, katikati ya vipande viwili bapa vya boksi vilivyozidi ukubwa wake. Vishikilio vya kukazwa kwa skrubu hubonyeza pembe. Na waulizeni kwanza kama hupiga picha kadi inapofika. Wakijikanyaga, pelekeni kwingine.