Uzoefu wangu: nilipeleka gari lenye kilometa laki tatu na ushee likathaminiwe, nikarudi nalo

Natoa hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake. Gari: nyota tano. Yadi iliyolithamini: sifuri, na kama kungekuwa na namna ya kuwadai nyota ningewadai.

Chapa ya gari siitaji. Nikiitaja tu, nusu yenu mtaacha kusoma mwanze kubishana nani anatengeneza injini bora, na leo sina nguvu za ubishi huo. Ni gari dogo la petroli, otomatiki, na dashibodi yake inasoma kilometa 362,000 na kitu. Mengine ya kiwandani yatafuteni wenyewe.

Halijawahi kunilaza njiani. Betri imewahi kufa, ndiyo, lakini ilifia nyumbani. Tairi zimetoboka, kama zinavyotoboka za kila mtu. Ila lile la kusimama pembeni mwa barabara, boneti juu, simu mkononi, unatafuta wa kukuvuta, mimi nalisikia kwa wenzangu wenye magari mapya.

Basi kwa nini nilitaka kuliuza? Maneno ya watu. "Hilo gari bado unalo?" "Uza kabla halijakufia mkononi." Ukiambiwa hivyo kila unapoegesha, unaanza kulisikilizia. Mlio ambao umeuzoea miaka yote unaugeuza ugonjwa. Ukipita kwenye tuta, bushi ikalia kidogo, moyo unaruka. Mwishowe nikasema kujua bei si dhambi. Kuna yadi inayonunua magari yaliyotumika na kukupunguzia ukichukua jingine kwao. Nikapanga miadi, nikaliosha ndani na nje, nikamchukua mdogo wangu wa kiume anisindikize, na nikabeba faili.

Faili lenyewe naomba mlielewe, maana ndilo lililonitia uchungu. Mna kila kitu tangu nilinunue. Kila mara oili ilipomwagwa. Plagi, maji ya rejeta, oili ya giaboksi (ile ambayo watu wanadanganywa kwamba haibadilishwi maisha yote ya gari), breki, shokapu, na mkanda wa taimingi uliobadilishwa pamoja na pampu ya maji. Kila karatasi ina kilometa zake, kwa mwandiko wa fundi. Kama kuna gari lenye cheti cha afya, ni hili.

Akaja kijana na tableti. Salamu akampa mdogo wangu. "Karibu kaka, gari lako hili?" Mdogo wangu akasema ni la dada. "Aa, la dada," akasema, kwa sauti ambayo bado ninayo masikioni, kisha akaendelea kumwuliza mdogo wangu maswali ambayo mdogo wangu hana majibu yake. Akafungua mlango, hakuketi. Aliinama tu, akazungusha ufunguo hadi taa za dashibodi zikawaka, akasoma namba. Akapiga mluzi. Akamwita mwenzake: "Njoo uone maajabu." Mwenzake akaja, wakacheka wawili.

"Mama," akanigeukia kwa mara ya kwanza, "hili limekwenda mwezini na kurudi."

Kwanza, hesabu. Kutoka duniani hadi mwezini ni wastani wa kilometa 384,400. Gari langu halijafika, sembuse kurudi. Ukitaka kumdharau mtu kwa namba, basi namba zako zikae sawa.

Nikameza. Nikamwuliza, huwashi injini uisikie? "Hakuna haja, mama, sisi tunakwenda na kilometa." Nikamnyooshea faili. Hakulipokea, nikaliweka juu ya boneti. Yeye akaweka tableti yake juu ya faili langu, akaendelea kubonyeza. Juu ya faili langu! Miaka yote ile ya karatasi ikawa meza yake. Boneti yenyewe, ambayo alikuwa ameiegemea, hakuifungua hata kidogo.

Halafu akataja bei. Siiandiki hapa kwa sababu nikiiandika nitalia. Na alipoona uso wangu akaongeza: "Hapo nimekusaidia sana, mama. Kwa haki hili ni la kupimwa kwa kilo."

Kwa kilo.

Sasa nisikilizeni, maana nilichokosa kumwambia yule kijana nitawaambia ninyi. Kilometa peke yake hazikuelezi hali ya injini. Chukua magari mawili, yote yana 300,000. Moja limekimbia barabara kuu kwa wastani wa kilometa 80 kwa saa: injini yake imefanya kazi saa 3,750. La pili limetambaa kwenye foleni kwa wastani wa 25: hilo limefanya saa 12,000. Zaidi ya mara tatu. Odometa, yaani kile kihesabu kilometa cha dashibodi, inayasoma sawasawa. Tena lile la foleni, kama safari zake ni fupi, linawashwa na kuzimwa likiwa bado baridi, na injini inapowashwa baridi ndipo inapolika, kwa sababu oili haijafika inakotakiwa. Giaboksi yake imebadilisha gia mara nyingi zaidi, breki zimekanyagwa zaidi. Gari langu limezeekea barabara kuu. Hili lingeulizwa kwa sentensi moja. Hakuuliza.

Na kujua hali halisi hakuhitaji maabara. Vuta kijiti cha oili uone kiasi na rangi. Fungua kifuniko cha kujazia oili: ukikuta utando mweupe mzito kama maziwa, shuku kwamba maji yanaingia kwenye oili. Mwambie mtu awashe wewe ukiwa nyuma: moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Nusa oili ya giaboksi kama ina harufu ya kuungua. Kisha lala chini utazame kutu kwenye chesisi, na hapo usifanye mzaha, kwa sababu injini hubadilishwa na giaboksi hubadilishwa, lakini gari lililooza mifupa halina dawa yenye faida. Mwenye muda zaidi atapima mgandamizo wa kila silinda: namba zikikaribiana na ziko juu ya kiwango cha chini cha mtengenezaji, injini bado ina maisha. Kazi nzima haimalizi mchana. Kijana alitumia muda mrefu zaidi kucheka.

Kilichonikera kuliko vyote kilikuwa kimeegeshwa hatua chache tu kutoka pale. Gari zuri, limeng'arishwa, karatasi kwenye kioo inasema kilometa 58,000. Nikachungulia. Raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana. Usukani unang'aa pale mikono inaposhika, kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja. Sitoi shutuma, mimi nasema nilichokiona. Ila mnajua kwamba odometa hurudishwa nyuma, za kielektroniki vilevile, kwa kifaa kinachochomekwa kwenye gari na dakika chache. Kwa hiyo katika gari zima, kitu rahisi kuliko vyote kukidanganya ndicho alichokisoma peke yake. Faili langu, lililo gumu kulighushi, likawa meza.

Na habari ya "kupimwa kwa kilo". Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo 1800S mwaka 1966, na mwaka 2013 ikafikisha maili milioni tatu, yaani zaidi ya kilometa milioni nne na laki nane. Mgiriki Gregorios Sachinidis aliendesha teksi yake, Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976, hadi kilometa milioni 4.6, ikaishia makumbusho ya kampuni. Najua, najua: injini ya Gordon ilifunguliwa ikatengenezwa upya, na teksi ilibadilishiwa injini. Sawa. Wala sisemi langu litafika huko. Nasema tu kwamba laki tatu na sitini si maiti.

Tuje kwenye pesa, maana baada ya hasira kupoa kidogo (kidogo tu) nilikaa na kalamu. Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake miaka ya mwanzo. Langu lilishapoteza zamani, na aliyepoteza mwanzoni hata sikuwa mimi, niliuziwa likiwa limetumika. Nikilishika mwaka mwingine, thamani itakayoshuka ni ndogo mno. Kinachobaki ni matengenezo. Basi nikajumlisha matengenezo ya mwaka ule mbaya kuliko yote, mwaka wa mkanda, shokapu na tairi kwa pamoja, nikayaweka kando ya marejesho ya mkopo wa gari walilotaka kunipa. Mkopo ulizidi, na ulizidi mbali. Na gari la mkopo nalo litamwagwa oili, litavaa tairi, litakatiwa bima, tena bima kubwa. Kwa upande huu sioni cha kujadili: shika gari lako, usiuze.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeandika, nikataka kuishia hapo.

Lakini mdogo wangu, ambaye siku ile pale yadi hakusema kitu, alinisomea jambo moja tulipofika nyumbani, na limekataa kutoka kichwani. Gari langu lina eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga) mbili tu, za mbele. Pembeni hamna. Na halina mfumo wa kielektroniki unaozuia gari lisiteleze na kupinduka, ule unaoshika breki ya gurudumu moja wenyewe unapokata kona kwa ghafla. Marekani mfumo huo ni lazima kwa magari madogo mapya yote tangu modeli za 2012, Ulaya tangu Novemba 2014. Hawakuulazimisha kwa urembo. Langu ni la kabla ya hapo, na hakuna fundi wa kunifungia. Naweza kubadilisha bushi zote, boljointi zote, mipira yote ya injini, hilo siwezi. Na mpira wenyewe huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limesimama, hozi za maji, mabomba ya breki, sili za kuzuia oili isivuje, kwa hiyo umri nao unahesabika hata kama kilometa umezitetea vizuri kama nilivyozitetea mimi hapo juu kwa mbwembwe.

Siku hizi nabeba watoto wa dada yangu kwenye kiti cha nyuma. Kwa hiyo, nyota tano nimezirudisha. Ni nne. Na labda niuze.

Labda. Lakini si kwa yule. Kwa yule hata anipe mara mbili. (Mara tatu tungezungumza.)

Na hapa sina budi kuipa yadi nyota moja, kwa shingo upande, kwa sababu ya kilichotokea wakati natoka. Nilipowasha gari, fundi wao mmoja aliyekuwa chini ya gari jingine akatoka, nguo zimejaa grisi. Akasimama anasikiliza. Akanifuata hadi getini kwa miguu, akagonga kioo. "Dada, samahani. Wamekupa ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akaniomba nifungue boneti pale pale getini, akaangalia kijiti, akagusa hozi, akainama akatazama chini. Akauliza mkanda umebadilishwa lini. Nikampa faili. Akalisoma! Alilishika pembeni kabisa ili lisichafuke, akafunua karatasi kwa kidole kimoja. Kisha akaniambia, huku anatazama nyuma asionekane, kwamba yeye mwenyewe atalinunua, kwa zaidi ya walichosema, na akaniandikia namba yake.

Sasa hebu niambieni. Mtu anayeyafungua magari ya yadi ile kila siku, anayejua kilichomo ndani ya lile la 58,000 na mengine yote yaliyong'arishwa, anataka langu. Ningelikuwa na akili ya biashara, hiyo ingekuwa sababu ya kuuza, mnunuzi ndiye huyo. Mimi imenifanya nisitake kuuza tena.

Amenipigia juzi. Nimemwambia nikipata jingine lenye eabegi za pembeni na huo mfumo wa kuzuia kuteleza, lenye faili kama langu na si maneno, kwa pesa isiyonitoa roho, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Akauliza kwa sasa gari linaendeleaje. Nikamwambia nimelifungia tairi nne mpya, kwa hiyo na bei yake imepanda.